Maswali na majibu: Adrenalini haina mwenyewe, kalamu ndiyo yenye mwenyewe

Barua za safari hii karibu zote zinahusu sindano za mzio, hasa adrenalini anayodungwa aliyezidiwa na mzio, na hataza zake, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake kwa muda fulani, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Naanza na hilo.

Hataza ya adrenalini inaisha lini? Nasubiri bei ya kalamu ya kujidunga ishuke.

Ilishakwisha zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyefanya kazi Marekani, aliitenga adrenalini kutoka kwenye tezi za wanyama, akaomba hataza mwaka 1900 na kupewa 1903. Mwaka 1904 Friedrich Stolz akaiunda maabara huko Ujerumani. Hataza za Marekani enzi hizo zilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Piga hesabu.

Kilichowekewa uzio siku hizi ni chombo: springi inayosukuma sindano, kizuizi kinachokukinga usijichome kabla ya wakati, ala inayoifunika ncha baada ya kudunga. Kalamu ya namna hii ilitokana na vifaa vya wanajeshi vya kujidunga dawa dhidi ya sumu ya neva. Hataza ya mhandisi Sheldon Kaplan ilitolewa Marekani 1977, na kalamu ya adrenalini iitwayo EpiPen ikaidhinishwa huko 1987. Hataza hiyo nayo ikafika mwisho, zikaja nyingine za kalamu iliyoboreshwa, ambazo zilienda mpaka 2025. Miaka yote hiyo dawa iliyomo ndani ni ileile.

Nawaomba tena, kama nilivyowaomba huko nyuma: msiniulize "hataza ya dawa fulani inaisha lini" bila kunitajia hataza ya kitu gani, katika nchi gani. Dawa moja ya sindano inaweza kuwa na hataza ya molekuli, ya mchanganyiko, ya njia ya kuitengeneza, ya matumizi yake na ya chombo, kila moja na tarehe yake. Swali lisilo na hayo halina jibu, na anayekujibu kwa tarehe moja anakupotosha.

Sasa kama dawa haina mwenyewe, ilikuwaje kalamu mbili zikauzwa zaidi ya dola 600 huko Marekani?

Hili ni swali la maana, na ndilo ninalotaka watu walielewe. Aliyeushika mlango hana haja ya kuizingira nyumba nzima. Mgonjwa wa mzio mkali anahitaji kitu anachoweza kukitumia mwenyewe huku mikono inatetemeka na koo linaziba, na kitu hicho ndicho kilichokuwa na hataza. Kampuni ya Mylan ilipoichukua EpiPen mwaka 2007, pakiti ya kalamu mbili ilikuwa karibu dola 100. Kufikia 2016 ilishapita 600.

Kampuni ya Teva, iliyotaka kuuza kalamu yake ya namna hiyo, ilizipinga hataza hizo. Mwaka 2012 wakapatana nje ya hukumu: Teva ingeweza kuingia sokoni kuanzia 2015, mradi ipate kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Ombi lake likakataliwa mara ya kwanza, na kibali kikaja Agosti 2018. Hesabu miaka hiyo mitatu. Hataza haikuwa tena kizuizi, lakini mgonjwa hakuwa na kalamu ya bei nafuu ya Teva. Kibali na hataza ni milango miwili, na funguo zake hukaa ofisi tofauti.

Mtego wenyewe uko hapa. Kalamu ya jeneriki, yaani inayotengenezwa na kampuni nyingine kwa kufuata ya asili, inatakiwa itumike karibu sawasawa na ile ya asili, ili aliyefundishwa ya kwanza aweze kuishika ya pili na kuitumia bila kufundishwa upya. Lakini jinsi ya kuifungua, kuikandamiza na kuifunika ndiyo iliyoandikwa ndani ya madai ya hataza. Ukiiga, unavunja hataza. Usipoiga, kibali kinakuwa kigumu. Kwenye vidonge hakuna tatizo hili, kwa kuwa kila mtu anajua kumeza.

Tena kuna daftari la FDA linaloitwa Orange Book, ambamo kampuni huorodhesha hataza za dawa yake. Hataza iliyoorodheshwa ikipingwa na mtengenezaji wa jeneriki, mwenye dawa akimshtaki ndani ya siku 45, kibali husimama hadi miezi 30 hata kabla jaji hajasikiliza lolote. Kampuni zikawa zinaingiza humo hataza za springi na vifuniko. Novemba 2023 tume ya ushindani ya Marekani, FTC, ilipinga zaidi ya hataza 100 zilizoorodheshwa hivyo, zikiwemo za kalamu za adrenalini. Desemba 2024 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Teva na Amneal juu ya kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, ikasema hataza inayodai kifaa peke yake, bila kiambato cha dawa, haina nafasi katika daftari hilo. Naiunga mkono hukumu hiyo kwa moyo wote. Ingefaa ije miaka 20 mapema.

Nikivuta adrenalini kutoka kwenye ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) kwa bomba la kawaida, navunja hataza ya mtu?

Hapana. Si ya yeyote.

Ila hapa nina onyo kubwa kuliko swali lenyewe. Ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo ya kudunga kwenye msuli wa nje wa paja, katikati. Dozi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 0.5 kwa mtu mzima. Kuna nyingine iliyozimuliwa mara 10, ya kuingiza kwenye mshipa wa damu, kwa mfano moyo unaposimama. Kuzichanganya hizo mbili, au kuingiza dozi ya msuli moja kwa moja kwenye mshipa, kunaweza kuua. Anayetaka kutegemea ampuli nyumbani afundishwe na mhudumu wa afya, afanye mazoezi mbele yake, na asiache dawa imevutwa kwenye bomba kwa miezi, maana hewa na mwanga huiharibu. Na sindano ya dawa ya kutuliza muwasho haichukui nafasi ya adrenalini. Watu wanakufa wakisubiri ile ya muwasho ifanye kazi.

EpiPen imekwisha hataza. Naweza kuuza kalamu yangu kwa jina hilo?

Huwezi. Jina ni alama ya biashara, na alama ya biashara haina ukomo maadamu inatumika na kuhuishwa. Neno Adrenalin lenyewe lilikuwa alama ya kampuni ya Parke-Davis, ndiyo maana Wamarekani mpaka leo wanaandika epinefrini kwenye chupa.

Nimebuni kalamu ndogo ya kudunga. Niliionyesha kwenye video miaka miwili iliyopita na watu wameipenda sana. Sasa nataka hataza.

Ndugu yangu, umechelewa, na inaniuma kukuandikia hivyo. Uvumbuzi unatakiwa uwe mpya siku unapowasilisha ombi, na uliouweka hadharani wewe mwenyewe si mpya tena. Ulaya hawana huruma na hilo. Marekani wanakupa miezi 12 tangu ulipouonyesha, nawe umeshaipita. Kama tangu video hiyo umeongeza kitu ambacho hakikuonekana ndani yake, hicho bado kinaweza kuombewa, basi nyamaza nacho mpaka ombi liwe limepokelewa. Barua ya namna hii naipata kila mara. Tafadhalini: ombi kwanza, video baadaye.

Napataje hataza ya dunia nzima?

Haipo. Kuna ombi la PCT, mkataba wa nchi nyingi wa kushirikiana katika hataza, linalokununulia muda, kwa kawaida miezi 30 tangu ombi la kwanza, kisha unaingia nchi moja moja na kulipa kila mlango. Anayekuuzia "hataza ya kimataifa" anakuibia.

Mwanangu anadungwa omalizumabu kwa ajili ya mzio wa chakula. Mbona dawa ya 2003 haina jeneriki hadi leo?

Mama, hii si adrenalini. Adrenalini ni molekuli ndogo ambayo kiwanda chochote chenye uwezo kinaunda ileile. Omalizumabu, inayouzwa kama Xolair, ni kingamwili inayotengenezwa na seli hai, na seli mbili za viwanda viwili hazitoi protini inayofanana kwa kila kitu. Kwa hiyo mshindani hatengenezi jeneriki. Anatengeneza bayosimila, yaani dawa inayokaribiana nayo sana, na lazima athibitishe kwa majaribio kuwa tofauti iliyobaki haimdhuru mgonjwa. Hiyo inakula miaka na fedha nyingi hata pasipo hataza yoyote.

Juu ya hapo sheria ya Marekani ya 2010 inaipa dawa ya kibayolojia miaka 12 ya ulinzi wake wa pekee, usiotegemea hataza. Kisha zipo hataza za mchanganyiko unaoiweka dawa salama ndani ya bomba, ambazo huishi baada ya hataza ya kingamwili yenyewe kwisha. Hata hivyo umeandika habari za zamani kidogo: bayosimila ya kwanza, Omlyclo ya Celltrion, iliidhinishwa Ulaya Mei 2024 na Marekani Machi 2025. Muulize daktari wa mwanao.

Na umkumbushe mambo mawili. Omalizumabu, iliyoidhinishwa kwa mzio wa chakula Februari 2024, hupunguza hatari ya mtoto kuzidiwa akila kwa bahati mbaya. Haimwokoi akiwa tayari amezidiwa. Tena yenyewe inaweza kuleta mshtuko wa mzio, na FDA inataka onyo hilo liwe juu kabisa ya maelezo ya dawa. Kalamu ya adrenalini isimwondokee.

Sindano za kuzoesha mwili chavua zimetokana na mimea. Kitu cha Mungu kinawezaje kuwa na hataza?

Mwaka 1911 Leonard Noon alichapisha London majaribio yake ya kuwadunga wagonjwa chavua ya nyasi kidogo kidogo. Mwaka huohuo, jijini New York, jaji Learned Hand aliamua kuwa adrenalini iliyosafishwa inastahili hataza, kwa kuwa iliyotoka maabara ilikuwa kitu kipya kwa matumizi ya tabibu. Hoja hiyo ilitawala kwa miaka 100. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Myriad, ikasema kipande cha DNA hakiwi uvumbuzi kwa sababu tu kimetengwa na mwili. Kwa hiyo chavua yenyewe, hapana. Njia mpya ya kuisafisha, kuibadilisha au kuichanganya na kitu kingine, ndiyo. Mimi nasimama upande wa 2013. Kukisafisha kitu ni kazi ngumu na ilipwe, lakini asiyekiumba asikimiliki.

Serikali ikitaka kalamu za bei nafuu si itoe leseni ya lazima tu?

Inaruhusiwa. Leseni ya lazima ni serikali kumruhusu mwingine atengeneze bila ridhaa ya mwenye hataza. Ibara ya 31 ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaogusa hataza, inakubali, Azimio la Doha la 2001 lilithibitisha, na nchi zenye maendeleo duni zaidi hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Lakini usiende huko kabla hujatazama kama hataza hiyo imesajiliwa katika nchi yako, kwa maana isiposajiliwa hakuna cha kutolea leseni. Hasira nyingi ninazozisoma zinapigana na hataza ambayo hapo ilipo haipo kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kununua ampuli, kuzifikisha zahanati, na kumfundisha muuguzi asiogope kuzitumia. Ampuli haijawahi kumsubiri mwanasheria.

Kalamu yangu imepita tarehe miezi minne. Kampuni inaweza kunishtaki nikiitumia?

Tarehe iliyo kwenye kalamu ni ya dawa, haihusiani na hataza. Hakuna wa kukushtaki. Tafuta nyingine mapema, ila mtu akizidiwa na hiyo ndiyo pekee iliyopo, itumie na uite msaada; adrenalini iliyopungua nguvu ni bora kuliko kukosa kabisa. Mwaka 2018, kalamu zilipoadimika, FDA yenyewe iliongeza miezi minne kwa baadhi ya matoleo ya EpiPen. Leo hii ichukue uitazame kwenye dirisha lake dogo. Maji yaliyomo yawe safi, yasiyo na rangi. Yakiwa ya kahawia au ya waridi, au yana chembe, usisubiri wiki iishe kuibadilisha.