Ukienda kutazama ludruki Jawa Mashariki

Ludruki ni maigizo ya watu wa kawaida wa Surabaya, Jombang, Mojokerto na Malang, huko Jawa Mashariki nchini Indonesia. Mara nyingi kikundi hukodiwa na mwenye harusi au tohara, na onyesho hukesha. Majirani hutazama bure, lakini wewe mgeni pitia kwanza kwa mwenye shughuli umsalimie.

Fika kabla remo, dansi ya kufungulia onyesho, haijaanza. Wageni wengi huiruka wakidhani ni ya kupasha jukwaa joto tu. Mchezaji hufunga njuga kifundoni, na mguu wake hujibizana na ngoma iitwayo kendang. Kaa upande wa wapiga gamelani, yaani kundi la ala za Kijawa, si katikati. Katikati vipaza sauti huzimeza njuga.

Baada ya remo huja wanaume waliovaa kike, wakiimba na kucheza kwa madaha. Hiyo ni mila ya zamani ya ludruki, ingawa leo vikundi vingi vina waigizaji wa kike pia. Sauti ile nyembamba imefanyiwa mazoezi ya miaka. Isikilize kwa heshima.

Kisha vichekesho, na hapa ndipo wasiojua lugha hupotea. Mchekeshaji huanza peke yake kwa kuimba parikani, mashairi mafupi ya vina. Nusu ya kwanza hutega kina tu, ujumbe uko nusu ya pili. Mkalimani akianza kukufasiria neno kwa neno tangu mwanzo, umati utakuwa umeshacheka naye bado yuko kwenye nusu ya kwanza. Mwombe akupe nusu ya pili peke yake. Mfano maarufu ni wa Cak Durasim, mchekeshaji wa ludruki, wakati wa utawala wa Wajapani:

Pagupon omahe doro,
melok Nippon tambah soro.

Yaani: kizimba ni nyumba ya njiwa; kuwafuata Wajapani kumezidisha dhiki. Hesabu mizani: nane kwa nane, kama vipande vya shairi letu. Durasim alikamatwa, akafariki mwaka 1944. Kwa hiyo usiuchukulie utani wa ludruki kama wa kupitisha muda. Bei, viongozi, maisha magumu: yote huimbwa hapo.

Mwisho ni hadithi kuu. Waigizaji hawakariri maneno. Hupewa mpangilio wa matukio, mengine hubuni papo hapo kwa Kijawa cha mtaani cha Surabaya. Kamusi ya Kiindonesia haitakufaa sana. Uliza mapema hadithi ya usiku huo ni ipi, ili usimuliwe kisa chake chote. Ikiwa ni Sarip Tambak Oso, kijana anayepambana na watoza kodi wa Waholanzi, shika jambo moja: kila akiuawa, mama yake akimwita, hufufuka. Usipolijua hilo, utadhani waigizaji wamekosea pale maiti anapoinuka.