Usingoje Mwanzilishi Aondoke

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hapa Bagamoyo husimama kwa nguvu ya mtu mmoja ambaye akisema tuchange, watu wanachanga, na akinyamaza, kila mtu anangoja. Nimekuwa katibu wa kikundi cha namna hiyo, cha kina mama wakulima wa mwani na wachuuzi wa samaki, na ushauri huu nauandika kwa wale ambao mwanzilishi wao bado yupo, ana afya na anapendwa, kwa kuwa huo ndio wakati wa kufanya kazi ninayoieleza: kuyahamisha mamlaka ya kikundi kutoka kwake kwenda kwenye kanuni.

Aliyenisaidia kuelewa nilichokuwa nakiona ni Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1920. Aliyagawa mamlaka ambayo watu huyakubali kuwa ya haki katika aina tatu: ya jadi, yanayotiiwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za wazee, ya kisheria, yanayokaa katika cheo na kanuni, na ya karama, yanayokaa ndani ya mtu anayeaminiwa kuwa na kipawa kisicho cha kawaida. Wengi wanaomsoma hukomea hapo, lakini lenye uzito zaidi kwangu ni maelezo yake kwamba uhai wa karama umo mikononi mwa wafuasi: wakiacha kumtambua kiongozi, au akishindwa kwa muda mrefu kuwaletea mafanikio, mamlaka yake yanayeyuka, na akifa bila njia ya kurithiana kujulikana, jumuiya inaweza kufa pamoja naye.

Sisi wa Bagamoyo tuna mfano wa karibu, Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alitoka Manyema, upande wa Kongo, akaletwa pwani akiwa mtumwa, akasoma hadi akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria, mojawapo ya jumuiya za Kisufi katika Uislamu. Katika mji uliothamini nasaba, jadi peke yake isingempa nafasi ile. Watu walimfuata kwa elimu yake na kwa baraka waliyoamini kuwa anayo. Hata hivyo alipofariki mwaka 1931 tarika haikutawanyika, na mwanawe Muhammad akashika nafasi yake. Weber aliutaja urithi wa damu miongoni mwa njia za kupokezana karama, pamoja na uteuzi unaofanywa na kiongozi mwenyewe au na wasaidizi wake. Mimi naongeza kwamba tarika za kisufi zina silsila, yaani mnyororo wa masheikh waliopokezana, na ijaza, yaani idhini ambayo sheikh humpa mwanafunzi wake, utaratibu wa kupokezana ambao wafuasi wanaujua wakati sheikh wao angali hai.

Kikundi chetu hakikuwa na kitu cha namna hiyo. Katiba tulikuwa nayo, kwa sababu halmashauri haisajili kikundi bila katiba, ila ilikaa kabatini. Bi Mkubwa wetu, ndivyo tulivyomwita mwenyekiti, aliposafiri kwenda Tanga kumuuguza bintiye, sanduku lilikuwapo, fedha zilikuwamo na maombi ya mikopo yalikuwa mezani, lakini hakuna aliyethubutu kupitisha hata mkopo mmoja. Wanachama walisema kwa heshima kabisa kwamba wanamngoja.

Aliporudi tulimwendea wazee wawili wa kikundi nami, nyumbani kwake, si mkutanoni. Hilo nalisisitiza sana: kanuni ikiletwa na wengine dhidi ya mwanzilishi, wafuasi wataiona ni uasi, lakini akiileta yeye, wataitii kwa mapenzi waliyo nayo kwake, kisha polepole wataizoea hata asipokuwapo. Kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyegawa funguo za kufuli tatu za sanduku kwa wanachama watatu, akajinyima ufunguo. Mikutano iliyofuata iliongozwa kwa zamu huku yeye ameketi mkekani pamoja na wengine. Siku alipochelewa, alitoa faini ya kuchelewa mbele ya wote bila kujitetea, na tangu hapo sikusikia tena mtu akiomba asamehewe faini.

Zipo hasara, nami sizifichi. Zamani Bi Mkubwa alimsamehe mjane deni kwa neno moja; sasa ombi kama hilo linapita kwenye kamati, na huruma imekuwa nzito kutembea. Baadhi ya kina mama waliokuja kwa ajili yake waliondoka. Naamini bado ni bora hivyo kuliko akiba ya watu kutegemea afya ya mtu mmoja, mradi mwanzilishi aendelee kupewa heshima yake na kuombwa shauri.

Mwanzilishi akikataa kabisa, msishindane naye hadharani. Anzeni na daftari la fedha: ombeni lisomwe kwa sauti kila mkutano, na msomaji awe mwanachama tofauti kila mara, kwani ni vigumu hata kwa mfuasi mwaminifu kupinga akiba yake mwenyewe kusomwa.