Mkuu, usilipie hiyo kingamwili ya KIM-1 kabla hujajua inashika wapi

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una mkojo wa panya waliopewa sisplatini (dawa ya saratani inayoumiza figo), unataka kuona KIM-1, protini inayoashiria figo kuumia, kwa bloti (protini hutenganishwa kwenye jeli, kisha kingamwili huonyesha unayoitafuta), na umepata kingamwili ya sungura ya bei poa "inayotambua ncha ya C", yaani mwisho wa mnyororo wa protini. Halafu unauliza uizimue mara ngapi na mkojo uuhifadhi vipi. Habari ya kuzimua weka kando. Hiyo hata ukiimimina chupa nzima juu ya bloti haitakuonyesha kitu.

KIM-1 imechomekwa kwenye utando wa seli za mirija iliyo karibu na kichujio cha figo. Sehemu kubwa iko nje ya seli, mkia mfupi uko ndani. Figo ikiumia, seli hizo zinaizalisha kwa wingi, kisha vimeng'enya vya metaloproteinasi vinaikata jirani na utando. Kinachoanguka kwenye mkojo ni kile kipande cha nje. Mkia unabaki kwenye seli, na ncha ya C ndiyo huo mkia! Yaani mjusi kakimbilia kichakani, mkia kauacha ukutani, na wewe unaingia kichakani kutafuta mkia.

Najua kwa sababu nililizwa hivyo hivyo. Nilimuuliza muuzaji waziwazi kama inafaa kwa mkojo, akajibu kwa kujiamini: "Imethibitishwa kwa bloti, binadamu na panya." Bloti ya nini, bwana? Ya figo iliyosagwa! Na hapo ndipo mtego ulipo, maana mimi pia niliweka figo iliyosagwa kama kontroli (sampuli ya kulinganishia), na kila mara ilitoa bendi nzuri. Sasa kontroli ikitoa bendi na mkojo ukiwa mtupu, utamshuku nani? Niliushuku mkojo. Nikaukoleza, nikauondolea chumvi, nikaongeza vizuizi vya proteasi (vimeng'enya vinavyokata protini), nikamtazama vibaya mwenzangu aliyekusanya sampuli (tumeshapatana, asanteni). Nikafika hadi kuishuku sisplatini, wakati kreatinini ya damu (taka ambayo figo iliyoumia hushindwa kuitoa) ilishapanda na mirija chini ya hadubini imebomoka hata mgeni angeiona.

Kingamwili utanunua nyingine. Kilichoniuma ni ule mkojo wa mwanzoni, kabla kreatinini haijapanda, maana sifa yote ya KIM-1 ni kuwahi kutoa taarifa. Niliumaliza wote kwenye jeli zisizo na kitu. Panya wale hawakuwepo tena, na huwezi kumwomba panya aliyekwisha kufa akojoe upya.

Na wale wa msaada wa kitaalamu? Ushauri wao ulikuwa niongeze kingamwili. Bila shaka, wao ndio wanaoiuza. Nilipoomba mfuatano wa peptidi waliyomchanja sungura wakasema ni siri ya biashara. Siri gani, na protini nzima mfuatano wake uko wazi kwenye hifadhidata kwa yeyote mwenye intaneti? Wangesema tu "ni mkia" ningeelewa.

Kwa hiyo swali ni moja kabla ya kutoa hela: mnyama alichanjwa kipande kipi cha protini? Kwa mkojo, chukua inayoshika sehemu ya nje. Na kontroli iwe mkojo wa mnyama aliyeumia figo. Figo iliyosagwa ina protini nzima, mkia na kila kitu, ndiyo maana inadanganya. Ukija kupima vipande vya figo kwenye slaidi, hiyo ya mkia itakufaa vizuri tu, sina ugomvi nayo huko.

Ukitafuta kwenye katalogi, andika pia TIM-1 na HAVCR1, ni protini ile ile. Ila nyingi za jina la TIM-1 zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kinga wanaopima seli nzima. Protini ikishachemshwa na SDS (sabuni inayoikunjua kabla ya kuingia kwenye jeli), baadhi yake haziitambui. Ya binadamu na ya panya nazo zinatofautiana sana, usikubali neno "inafaa kwa wote". Na usitupe jeli ukiona bendi iko juu kuliko hesabu ya asidi amino: kipande cha nje kimebeba sukari nyingi, ndiyo maana cha binadamu huonekana karibu na kilodaltoni 90 (kipimo cha uzito wa protini) kwenye mkojo.

Bandika hapa ule mstari unaosema sungura alichanjwa nini, tuusome pamoja. Kama hawakuuandika, funga ukurasa wao.