Dakika 30 za Pemba zilizonilia siku mbili

Juzi mdogo wangu mmoja wa Tukuyu kaniandikia: "Kaka, naona Unguja mpaka Pemba ni kilomita 760 kwa ndege. Nauli si itanimaliza?" Nilicheka mpaka mke wangu akachungulia. Mdogo wangu, hiyo ni Pemba ya Msumbiji! Herufi za uwanja wake kwenye tiketi ni POL. Pemba yetu, uwanja ulio jirani na Chake Chake, ni PMA. Kutoka Unguja, yaani ZNZ, ni kama kilomita 125 za angani, na vile vindege vya Caravan vya abiria kumi na ushee huchukua nusu saa.

Kicheko kikakata nilipokumbuka yangu.

Mwaka juzi nilipeleka sampuli za mchele wa Kyela kwa mteja Pemba. Safari ya kurudi niliipanga mwenyewe, fundi wa hesabu: saa nne naondoka, nne na nusu niko Unguja, tano na robo nadaka ndege ya Dar, jioni natua Songwe, uwanja wetu wa Mbeya, usiku nalala kwangu Mwanjelwa. Kwenye daftari ilipendeza kweli.

Kaunta ya Pemba wakapima begi: kilo 22, mwisho 15. Ndani ni mchele ule ule, mteja kaukataa. (Mpaka leo nasema mchele ulikuwa safi.) Kisha dada akaniambia, "Na wewe panda, kaka." Nikasimama juu ya mizani kama gunia la viazi la Uyole, na koti langu la baridi, foleni nzima inasoma kilo zangu. Mchele nikamwachia mbeba mizigo.

Ndege ilikuwa inatokea Tanga, ikachelewa dakika 50. Hewani tulikaa dakika 31, nilihesabu. Lakini ya Dar ilishaondoka, na kila ndege niliikatia tiketi yake, kwa hiyo hakuna shirika lililokuwa na deni la kunifikisha. Ya Songwe nayo ikanipita. Kesho yake nikalipa upya; tukafika juu ya Songwe, ukungu, tukarudishwa Dar! Nikamalizia na basi, mlima Kitonga tunatambaa nyuma ya malori.

Sasa vijana wenzangu, sisi watu wa Mbeya ndio tulipaswa kujua. Tunduma ni kilomita mia na kidogo, nani hapa anathubutu kusema ni saa moja na nusu? Kilomita si muda. Unguja na Pemba hesabu saa tatu, mlango kwa mlango. Kata tiketi moja ya safari nzima. Ukishindwa, lala Dar. Pima begi nyumbani. Na acheni ujuaji, jamani, ujuaji ndio unaotufilisi, tunataka biashara kubwa na hata kusubiri hatuwezi.

Haya yote nimemwandikia yule wa Tukuyu. Kajibu: "Asante kaka, nimeshakata. Nimeacha dakika 40 katikati."