Moshi wa hospitali na mayai ya kuku wangu

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Morogoro, nyuma ya hospitali yenye tanuri la kuchomea taka. Wakiliwasha jioni, moshi mweusi unashukia kwangu. Bomba lenyewe halijapita hata paa la wodi. Nina kuku 12 wa kienyeji, na wanangu hula mayai yao. Nitajuaje kama tunadhurika?
Mama wa watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekuwa bwana afya miaka mingi na matanuri hayo nayajua. Moshi mweusi maana yake moto haujakolea: taka zimeshindiliwa mbichi, au dizeli imebaniwa. Joto lisipofika nyuzi 850, plastiki za PVC, kama mipira ya dripu, huzaa kwa wingi sumu iitwayo dioksini. Na dioksini hainusiki. Siku usiyosikia harufu usiihesabu kuwa salama.

Hutua udongoni, kuku akadonoa, ikajikusanya kwenye mafuta ya kiini cha yai. Ndiyo maana wapimaji huyatafuta mayai ya kuku wa kuachiwa kama ya kwako. Kule Lausanne, Uswisi, tanuri la Vallon lilifungwa 2005. Mwaka 2021 udongo wa mji ukakutwa bado na dioksini, na wakazi wa sehemu zilizochafuka zaidi wakaambiwa wasile mayai ya kuku wao. Miaka 16 baada ya moto kuzimwa!

Kipimo chake ni cha maabara, lakini ushahidi uanze nao wewe leo. Chukua daftari: tarehe, saa waliyowasha, rangi ya moshi, upepo ulikoelekea. Piga picha kila mara ukisimama palepale. Kisha tazama majivu yanamwagwa wapi. Mimi majivu yananitisha kuliko moshi, maana moshi utaukimbia, ila majivu kuku huyaogea na watoto huyachezea.

Nakala ya daftari mpelekee afisa afya wa kata, nyingine NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ukiomba mayai na udongo wa juu vipimwe. Usiende kwa unyonge. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakupa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya.

Kuku wafungie bandani, uwalishe kwenye chombo, si chini. Mayai wasile watoto mpaka majibu yatoke. Najua ni kitoweo chao, nami inaniuma kukuambia hivyo. Majibu ukiyapata, niandikie.