Ratiba ya chuo na ratiba ya maji

Maswali mliyonitumia mara hii karibu yote yametoka kwa wanaosoma sayansi za bahari, au wanaotamani kuzisoma. Mengine nimeyajibu hadi nimechoka.

Nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Naweza kusoma sayansi za bahari? (Morogoro)

Unaweza. Vigezo vya kila programu vimo katika mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unaotolewa kila mwaka. Usome. Atakayeniuliza tena mwezi ujao simjibu.

Lazima nijue kuogelea? (Dodoma)

Hakuna atakayekulazimisha. Lakini jifunze.

Darasa letu linakwenda ziara ya siku tatu pwani ya mashariki ya Unguja. Tubebe nini? (Dar es Salaam)

Kabla ya kuuliza mtabeba nini, ulizeni mtafika mwezi wa angani ukiwa na siku ngapi. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, au siku moja mbili baadaye. Hapo bahari hushuka karibu mita 4, na Unguja maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, halafu saa hiyo husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Katikati ya bamvua mbili ni maji mafu, bahari hupwa kidogo tu, na mwamba mliokuja kuusoma utabaki chini ya maji.

Niliwahi kufuatana na kundi lililopangiwa safari na mhasibu. Basi lilipatikana siku hiyo, posho ilitoka siku hiyo, na bahari ilikuwa maji mafu. Vijana arobaini wakashinda mchangani wakimchora kaa mmoja. Mvuvi yeyote angewaambia wasije, lakini nani alimuuliza?

Tokeni mapema, myafuate maji yanavyotoka, na yakianza kujaa rudini. Msingoje kumaliza jedwali, maana mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na ufuo, hujaa kwanza.

Haya, mzigo: viatu vya soli ngumu vya kufunga (kandambili ziacheni hotelini), kofia, maji ya kunywa, penseli badala ya kalamu ya wino, kamba ya mita 50 na fremu ya mraba ya sentimita 50. Bebeni pia chupa ya maji ya moto. Kuna samaki hafanani na kitu ila jiwe, na miiba yake ina sumu. Aliyechomwa atumbukize mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha apelekwe hospitali. Konokono mwenye gamba zuri la umbo la pia msimwokote kabisa. Wa jamii hiyo wameua watu, na sumu yao haina dawa ya kuizima.

Kwa nini takwimu nyingi hivi? Mimi nilikuja kusoma samaki. (Kilifi)

Samaki hawajihesabu. Nikupe mfano wa mikoko. Mchu, mmoja wa miti ya jamii hiyo, unaupima unene kwenye kimo cha mita 1.3. Ukifanya hivyo kwa mkoko wenyewe, ambao mizizi yake hutokea juu shinani, huenda ukapima mizizi, kwa hiyo mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wake wa juu kabisa. Kosea hapo, na hesabu ya kaboni iliyohifadhiwa na msitu mzima imekwenda kombo. Jirani zako wa Gazi, kusini ya Mombasa, wanauza kaboni ya mikoko yao, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo miti hiyo huihifadhi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Fedha hizo zilianzia kwenye futi kamba.

Kundi letu lilikosa siku moja ya vipimo kwa mvua. Tunaweza kukadiria? (hakutaja alipo, na nampongeza)

Hapana. Andikeni "hatukupima".

Naweza kuchukua kiti cha pweza kimoja kama kumbukumbu? (Arusha)

Mnyama huyo wa umbo la nyota mwache alipo, na usimtoe majini kwa ajili ya picha. Na jiwe ulilogeuza ligeuze tena lilivyokuwa. Waliokuwa chini yake hawakuzoea jua.

Nataka utafiti wangu wa mwisho uwe wa papa. Msimamizi ananishikilia nifanye mwani. Nifanyeje? (Zanzibar)

Mshukuru. Papa utawaona mara ngapi kwa miezi mitatu na boti ya kuazima? Mwani upo kila bamvua, na una swali la kweli ndani yake. Paje na Jambiani wamelima tangu 1989, wengi wao wanawake. Mwani wa aina ya kotoni, wenye bei nzuri, unawafia kwenye maji machache yanayopata joto, wakabaki na aina nyingine, spinosamu, wa bei ya chini. Kuupeleka kotoni maji marefu kunataka chombo, na kunataka mtu anayejua kuogelea. Wengi wao hawana la kwanza wala la pili.

Nenda nao. Chukua kipimajoto, wabebee vigingi siku mbili tatu kabla hujafungua daftari, na wakikutajia jina la mdudu usikimbilie kuwasahihisha kwa Kilatini. Wao walianza kuuona mwani ukigeuka rangi wewe ukiwa bado shule ya msingi. Ukifika wakati wa kuwafuata maji marefu, wewe na yule wa Dodoma mtakuwa mmeshajifunza kuogelea, natumaini.