Nyumba ya Dodoma inavyopandisha bei ya nyumba ya London

Swali halikomi kutoka nyumbani: mtu ana kazi nzuri London mwaka wa kumi huu, iweje bado amepanga? Jibu bila kuzunguka: mara nyingi ile nyumba mliyomhimiza aijenge huko ndiyo inayomponza huku.

Tuchukue flati ya familia ya pauni 450,000. Benki kwa kawaida hukopesha takriban mara nne na nusu ya mapato ya mwaka. Kianzio cha asilimia 10 ni 45,000. Zinabaki 405,000 za kukopa, kwa hiyo mke na mume wanatakiwa kuingiza kama 90,000 kwa mwaka kabla ya makato. Hilo wengi wanalijua na wanajipanga.

Kinachowaumbua ni ushuru wa stempu, yaani kodi ambayo mnunuzi wa nyumba huilipa serikali. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, anayenunua nyumba ya kwanza halipi kitu kwenye 300,000 za mwanzo. Zinazozidi analipia asilimia 5, mradi bei isipite 500,000. Kwa flati yetu ni 7,500. Sasa, "ya kwanza" maana yake ya kwanza duniani kote. Mwenye nyumba Dodoma, hata ya urithi, nafuu hiyo haimhusu: atalipa 12,500. Na nyumba hiyo ikiwa na thamani ya pauni 40,000 au zaidi, anaongezewa asilimia 5 ya bei yote ya flati. Jumla 35,000! Kwenye nyongeza hii mke na mume wanaoishi pamoja huhesabiwa kitu kimoja, kwa hiyo nyumba ya Dodoma ikiwa ya mke, mume kununua peke yake hakumwokoi. Wala kuiandika kwa jina la mama si dawa, ikiwa mwenye mali hasa ni yeye.

Lifetime ISA, akaunti ya akiba ya kununulia nyumba ya kwanza au ya uzeeni, nayo ina sharti hilo hilo. Hufunguliwa kati ya miaka 18 na 39. Ukiweka 4,000 kwa mwaka, serikali inaongeza 1,000, kwa nyumba isiyozidi 450,000. Mwenye nyumba Tanzania hawezi kuzitumia kununulia. Akizitoa kabla ya miaka 60, kwenye 5,000 anakatwa robo, anaondoka na 3,750, pungufu ya alizoweka mwenyewe.

Kwa hiyo anayetaka kulea watoto London anunue huku kwanza, ndipo ajenge huko. Kiwanja kitupu kinaweza kusubiri.

Jambo la mwisho, flati nyingi huuzwa kwa hati ya miaka, kama hati zetu za 33 au 99. Ikibaki chini ya 80, kuiongeza ni ghali na baadhi ya benki husita kukopesha. Atazame miaka iliyobaki na ada ya mwaka ya kutunza jengo kabla hajalipa mkaguzi.